Mto Tana, Mabwawa Yake na Stima ya Mombasa

(Hotuba hii niliitoa Tononoka, Mombasa, mbele ya wazee na vijana wa mtaa, baada ya swala ya Alasiri. Walioikosa wameomba iwekwe yote. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha, maneno ni yale yale.)

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu mlioacha shughuli zenu mkaja, ahsanteni sana. Na nyinyi vijana mliojibanza pale mlangoni, nawaona. Sogeeni mbele, sitawauliza maswali ya hesabu. Labda moja tu.

Nianze na tumbili.

Tarehe 7 Juni 2016, saa tano na dakika 29 asubuhi, tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha stima cha Gitaru. Akaanguka, akatua juu ya transfoma. Transfoma ikajizima. Mitambo mingine ikaelemewa na mzigo ulioachwa, nayo ikajizima, na zaidi ya megawati 180 zikapotea kwa mkupuo. Kenya nzima giza. Stima ilikaa karibu saa nne ndipo ikarudi. Tumbili mwenyewe hakufa. Watu wa wanyamapori walikuja wakamchukua, na nadhani mpaka leo hajui alilolifanya.

Tulicheka, si tulicheka? Magazeti ya ng'ambo nayo yalicheka. Lakini waungwana, katika kicheko kile, nani alijiuliza Gitaru ni wapi? Kwa nini mnyama aanguke huko, halafu feni isimame Mwembe Tayari, hapa Mombasa? Huo waya unaotoka huko mpaka kwenye feni yako unapita wapi? Ulivutwa lini? Na kabla ya kuvutwa, nani aliulizwa?

Gitaru iko juu ya mto Tana. Na Tana, ndugu zangu, ni mto unaoishia Pwani. Unatoka Mlima Kenya na milima ya Aberdare, unakwenda karibu kilomita 1,000, unapita Garissa, unapita Hola, unapita Garsen, unamwaga maji yake Kipini, kwenye bahari hii hii tunayooga sisi. Hakuna mto mrefu kuliko huo Kenya. Juu yake yamejengwa mabwawa matano makubwa, na neno langu la leo ni moja: yanayoamuliwa kwenye mabwawa hayo ni shauri letu watu wa Pwani, na tumewaachia wengine kwa muda mrefu mno.

Mombasa ilikuwa na stima kabla ya kuwa na mto. Hili vijana wengi hawalijui. Historia inayosimuliwa na kampuni ya stima yenyewe inaanzia Unguja, kwa Seyyid Barghash, aliyenunua jenereta ya kuwashia taa kasri yake na njia za jirani. Wanasema ni mwaka 1875. Mie mwaka huo naushuku, maana balbu ya Edison haikutoka mpaka 1879, lakini tusigombane na sultani. Kisichokuwa na ubishi ni kwamba mwaka 1908 mfanyabiashara wa hapa hapa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, aliinunua jenereta ile, na kutoka hapo ikazaliwa kampuni ya kuleta umeme kisiwani. Mwaka huo huo Nairobi nao walianzisha kampuni yao. Mwaka 1922 kampuni mbili hizi zikaunganishwa zikawa East African Power and Lighting, na hiyo ndiyo iliyokuja kubadilishwa jina mwaka 1983 ikawa Kenya Power and Lighting tunayoijua.

Kwa hiyo taa za mwanzo za mji huu zilikuja na jahazi, si kwa mto. Na kwa miaka mingi tuliendelea hivyo, kwa kuchoma mafuta. Kituo cha stima cha Kipevu kilikuwa kinachoma mafuta kabla wengi wenu humu hamjazaliwa. Mafuta yanashuka bandarini, yanachomwa ng'ambo ya maji, stima inaingia mjini. Rahisi kuelewa. Unaona moshi, unajua stima inatoka wapi. Tana ilipoingia, moshi ukapungua na sisi tukaacha kuuliza.

Sasa Tana iliingiaje? Iliingia kwa sababu ya hofu, na hofu yenyewe ilitoka Uganda.

Mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilifunguliwa Jinja, pale Nile inapotoka ziwani, na Malkia Elizabeth mwenyewe alikuja kulifungua. Mwaka huo huo ikaundwa Kenya Power Company, kazi yake kuleta stima ya Jinja mpaka Nairobi kupitia Tororo. Ilikuwa biashara nzuri. Uganda wana maji mengi, Kenya ina viwanda vinavyoota. Lakini wahenga walishasema, mtegemea cha nduguye hufa maskini. Uhuru ulipokuja, Kenya ilikuwa nchi yenye bendera yake, na sehemu kubwa ya taa zake swichi iko kwa jirani.

Mwaka 1964 ikaundwa kampuni ya kuendeleza mto Tana. Mwaka 1968 Kindaruma ikaanza kuzalisha: bwawa dogo ukililinganisha na yaliyofuata, megawati 40 hivi, lakini ndilo la kwanza kubwa lililojengwa baada ya uhuru. Mwaka 1974 ikaja Kamburu, zaidi ya megawati 90.

Halafu ukafika Februari 1976. Wazee mnakumbuka. Idi Amin alisimama akasema sehemu kubwa ya magharibi ya Kenya ni ya Uganda, mpaka karibu na Nairobi. Hebu fikirini hali ilivyokuwa. Mizigo yake yote inapita bandari yetu ya Kilindini, na sehemu ya stima yetu inatoka kwake Jinja. Yeye ameshika taa zetu, sisi tumeshika mafuta yake na sukari yake. Yale maneno yalipoa, alhamdulillahi. Lakini aliyekuwa na shaka kwamba Tana lazima ijengwe, shaka ilimtoka. Gitaru ikawaka mwaka 1978. Masinga ikafuata 1981. Kiambere 1988. Miaka ishirini, mabwawa matano, mto mmoja. Ukijumlisha mitambo yake yote leo unapata karibu megawati 600, na Gitaru peke yake ina 225, hakuna kituo cha maji kikubwa kuliko hicho Kenya.

Mie nimekula mshahara wa stima maisha yangu yote, na bado nikisimama pale nastaajabu. Kituo cha Gitaru kimechimbwa ndani ya mwamba. Unashuka chini ya ardhi, unasikia mngurumo kwenye nyayo kabla haujafika masikioni.

Sasa lile swali la hesabu. Kijana wa shati la buluu, usiiname. Maji lita 1,000, yaani mita moja ya ujazo, yakianguka mita 100 kila sekunde, yanatoa stima kiasi gani? Karibu megawati moja, kabla ya kutoa hasara za mtambo. Basi. Hiyo ndiyo siri yote ya bwawa: maji mengi kiasi gani, na yanaanguka kutoka juu kiasi gani. Masinga ikijaa, uso wa maji uko mita 1,056.5 juu ya bahari. Kiambere ikijaa, uko mita 700. Katikati hapo mto umeshuka zaidi ya mita 350, na kila mteremko umewekewa mtambo. Ukitoka Kiambere unashuka tena. Mama zangu mnafanya hivi kila siku siku za shida ya maji: yaliyooshea mchele yanaoshea vyombo, yaliyosuuza vyombo yanamwagiwa mkungu wa ndizi. Maji ya Tana yanatumika mara tano kabla hayajaachiliwa yaende Garissa.

Lakini angalieni jambo hili, maana hapa ndipo shauri lilipo. Bwawa lililo juu kabisa, Masinga, mitambo yake ni midogo, megawati 40 tu. Kwa nini bwawa kubwa kuliko yote liwe na mtambo mdogo? Kwa sababu kazi yake ni kuhifadhi. Masinga ndiyo tangi. Ilijengwa ichukue maji bilioni moja na nusu na ushei kwa mita za ujazo, iyakusanye wakati wa mvua za masika na za vuli, halafu iyatoe kidogo kidogo wakati wa kiangazi ili wale wanne walio chini yake wasikae na njaa. Mabwawa manne ya chini yanakula kwa mkono wa Masinga.

Na Masinga ikikauka? Tuliona. Mwaka 1999 na 2000 mvua ziligoma. Wakati ule zaidi ya nusu ya stima ya Kenya ilitoka kwenye maji. Tukaingia kwenye mgao, nyote mnaukumbuka, mtaa huu leo, mtaa ule kesho. Barafu ya samaki iliyeyuka, cherehani zikasimama, viwanda vikatuma watu nyumbani. Serikali ikakodi majenereta ya dizeli kwa bei ya dharura. Mwaka 2009 ukame ukarudi, na kiwango cha Masinga kikashuka mpaka kituo chake kikazimwa kabisa. Tangi likawa tangi tupu.

Nani alilipa? Chukua bili yako, au angalia mgawanyo wa pesa unaponunua tokeni. Kuna mstari wa gharama ya mafuta. Maji yakiwa haba Tana, mitambo ya mafuta ya Kipevu na Rabai inakimbizwa zaidi, na mstari ule unanenepa. Mama wa Changamwe anayekaanga mahamri alfajiri analipa kwa sababu mvua haikunyesha Murang'a. Hajui kwamba analipia mvua. Analaumu kampuni. Kampuni ina makosa yake, na mengine nayajua kwa ndani, lakini hilo si lake.

Mtaniambia, mzee, hayo ya zamani. Siku hizi kuna mvuke wa ardhini wa Olkaria, kuna upepo wa Turkana, na tangu Novemba 2022 tunanunua kutoka Ethiopia. Kweli. Olkaria ndiyo inayoongoza sasa na maji yamerudi nyuma. Lakini saa moja ya usiku, kila nyumba inapowasha taa, televisheni na pasi kwa pamoja, mtambo wa kuitikia haraka ni ule wa maji: fungua mlango wa maji, megawati zinapanda kwa dakika chache. Na nchi ikizimika yote, mitambo ya maji ni miongoni mwa ile inayotegemewa kuwaamsha wenzake, maana inaweza kuanza bila kuazima stima ya mtu. Msiistaafishe Tana bado.

Sasa nataka tushuke chini ya mto. Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi.

Karne ya 19 watu wa Witu walichimba mfereji, unaitwa Belezoni, kuunganisha Tana na mto Ozi. Walitaka nini? Njia ya mashua tu, mazao yafike Kipini bila kuzunguka baharini. Mfereji mwembamba. Lakini mto ukaja na mafuriko yake, ukaupanua, ukaupanua, mwisho ukaacha mdomo wake wa zamani ukahamia huko. Leo Tana inatokea Kipini kwa sababu ya mfereji uliochimbwa kwa majembe ya mkono. Naipenda hadithi hii kwa sababu inaonyesha kwamba wa kwanza kuugeuza Tana walikuwa watu wa Pwani, na walipougeuza hawakujua wanageuza nini. Wahandisi wa Masinga walikuwa na vipimo, ramani na fedha za mabenki. Je, wao walijua wanageuza nini?

Niliwahi kukaa na mzee mmoja wa Kipokomo karibu na Garsen, chini ya mwembe. Nikamwambia kwa fahari, maana nilikuwa kijana wa stima, kwamba mabwawa yamewapunguzia mafuriko. Akanitazama. Akaniuliza, "Nani aliwaambia tunataka yapungue?"

Sikuwa na jibu. Yeye akanieleza, na mie nawaeleza nyinyi. Mafuriko ya Tana yalikuwa yanakuja mara mbili kwa mwaka. Maji yanapanda taratibu, yanaenea mabondeni, yanaacha udongo mweusi, yanarudi. Mpunga unapandwa nyuma ya maji yanapoondoka. Mabwawa madogo ya kando yanajaa samaki. Nyasi zinaota, na Waorma wanaleta ng'ombe wao wakati nchi ya juu imekauka. Maembe ya huko tunayokula hapa mjini yanategemea maji hayo ya chini ya ardhi. Hata kamba wanaovuliwa ghuba ya Ungwana, mikoko ya Kipini ndiyo malezi yao, na mikoko inataka maji matamu na tope la mto. Misitu ya kando ya Tana ina aina mbili za kima wasiopatikana popote pengine duniani, na miti ya msitu ule huota upya kwa mafuriko. Hayo yote ni kazi ya mafuriko. Yule mzee hakuyaita maafa. Aliyaita mwaka mzuri.

Masinga ilipoanza kujazwa, vipimo vya mto pale Garissa vilionyesha kilele cha mafuriko ya Mei kimeshuka. Ndivyo bwawa linavyofanya kazi: linachukua maji ya masika linayaweka kwa ajili ya kiangazi. Mtu wa Nairobi anapata taa Septemba. Mtu wa Garsen anakosa mpunga Juni. Ni maji yale yale.

Labda mtasema, basi angalau tumepona mafuriko makubwa. Tumepona? Mwaka 2018 mabwawa yalijaa yakafurika, na Tana River na Garissa watu kwa maelfu wakahama. Mwaka 2024 tena. Mwezi Aprili mwaka ule, karibu na Madogo, barabara ilikuwa imegeuka mto, mashua ikazama na watu wakafa. Kila mara inapotokea utasikia, "Wamefungua bwawa! Wametuua!" Hapa lazima niseme haki, mgala muue na haki umpe. Bwawa lililojaa halina la kufanya. Yanayoingia lazima yatoke, yatapita njia ya kumwagia. Lisingekuwepo, maji yale yangekuja vile vile, pengine kwa ghafla zaidi.

Lakini tazameni tulichobaki nacho. Mafuriko madogo yenye faida, bwawa linayameza. Mafuriko makubwa yenye kuua, bwawa haliyawezi. Mtu wa chini amenyang'anywa mema akaachiwa mabaya, na watu wakaanza kujenga na kulima karibu zaidi na maji, kwa sababu miaka mingi hayakuwafikia. Ndipo yanapokuja yanawakuta kitandani. Hili mie nalihesabu kuwa kosa kubwa kuliko yote katika historia ya mabwawa haya, na hakuna tumbili wa kulaumiwa.

Na stima je? Angalau walipata stima? Sikilizeni vizuri.

Waya mkubwa wa kilovolti 220 unatoka Kiambere unakuja moja kwa moja mpaka Rabai, hapo juu kwa Warabai. Ndio uliotufungamanisha sisi na Tana. Unakata nyika, unapita juu ya vichwa vya watu waliokaa gizani, unashuka kwetu. Garissa, mji ulio kwenye mto wenyewe, chini kidogo ya mabwawa, ulikaa na majenereta ya dizeli mpaka katikati ya miaka ya 2010 ndipo ukavutiwa waya kutoka Kindaruma. Kindaruma ya mwaka 1968! Karibu miaka hamsini. Garsen na Lamu nao wakapata miaka hiyo hiyo, kwa njia gani? Kwa waya unaotoka Rabai, unapanda Malindi, ndipo unakwenda Garsen. Maji ya Kiambere yalikuwa yanafika Garsen yenyewe siku zote, kwa mteremko, bure. Stima ya maji hayo hayo ilibidi ije kwanza Mombasa, ituhudumie sisi, halafu ndiyo irudi kaskazini. Na Hola ikabaki na dizeli yake hata baada ya hapo.

Sisemi haya mkaone aibu kuwasha taa. Nasema mjue tuko upande gani wa waya. Tunapolalamika kwamba bara wanatula, na tunalalamika, kila baraza la kahawa linalalamika, tukumbuke kwamba kwenye Tana sisi tuna mguu mmoja upande wa waliokula.

Yako mengine nitayapitia mbio. Kuna waliohamishwa, Wambeere na Wakamba, mashamba yao yakawa chini ya maji. Watafiti wa Kenya waliowafuata watu wa Kiambere baadaye walikuta familia nyingi zina ardhi ndogo kuliko waliyoacha. Walilipwa fedha, na fedha ya fidia mnaijua kasi yake. Kuna tope: kila mvua kubwa inashusha udongo wa mashamba ya milimani ndani ya Masinga, na tangi linajaa udongo haraka kuliko walivyotarajia waliolichora. Tangu 2015 upo mfuko wa kuwasaidia wakulima wa Tana ya juu kuchimba matuta na kupanda nyasi za kushika udongo. Ni kazi nzuri, isiyo na utepe wa kukatwa wala picha za mawaziri, kwa hiyo huisikii. Na kuna Nairobi yenyewe, ambayo karibu maji yake yote ya kunywa inayachota kwenye vijito vya Tana hiyo hiyo kabla hata hayajafika Masinga. Mto mmoja, ndugu zangu! Unanyweshea mji mkuu, unawasha nchi, ndipo yale yaliyobaki yanaambiwa nendeni Pwani.

Sasa kwa nini nimewaita leo, na si mwaka jana?

Kwa sababu kuna bwawa la sita linalozungumzwa. High Grand Falls, chini ya Kiambere, kati ya Kitui na Tharaka Nithi. Limezungumzwa miaka mingi, linalala, linaamka. Kwa michoro iliyopo litahifadhi maji zaidi ya mara tatu ya Masinga. Sitawaambia mlipinge. Mie fundi wa stima, nikisikia megawati moyo wangu unaruka bado. Bwawa kubwa kiasi hicho linaweza hata kuwa dawa: likiendeshwa kwa busara linaweza kuachilia mafuriko ya kutengenezwa, Mei na Novemba, maji ya mpunga na ya mikoko, na likabakisha nafasi ya kumeza yale ya kuua. Linaweza. Likiendeshwa kwa ajili ya stima na mashamba makubwa ya unyunyizaji tu, Kipini itakunywa chumvi.

Tofauti ya hayo mawili haiko kwenye saruji. Iko kwenye karatasi, kwenye kanuni za kuendesha bwawa: maji kiasi gani yaachiliwe, mwezi gani, kwa amri ya nani. Katiba ya 2010 inataka umma ushirikishwe. Vikao vitaitishwa, kama kawaida, kwa tangazo dogo gazetini na hema moja huko mbali. Basi siku hiyo Pwani iwe na watu hemani, wa Tana River, wa Lamu, na sisi wa Mombasa tunaokaa mwisho wa waya. Waulize kanuni ziko wapi, waombe wasomewe ukurasa unaotaja mafuriko ya Mei. Ukurasa huo ukikosekana, msipige makofi. Waulize pia Hola itapata stima hiyo mwaka gani, na wataje mwaka wenyewe, si "hivi karibuni".

Na ombi dogo ambalo halingoji bwawa lolote. Sisi watu wa bahari tunajua saa za maji kujaa na kupwa, wavuvi wanazo kichwani, redio zinazisoma. Kiwango cha Masinga kinapimwa kila siku. Kwa nini kisisomwe redioni hapa Pwani kila jioni, msimu wa mvua, kwa Kiswahili, Kipokomo na Kiorma? "Masinga leo imebakisha mita mbili kujaa." Mtu wa Garsen akisikia hivyo atahamisha watoto na mbuzi mchana, si usiku wa manane. Kwa redio ni sekunde kumi.

Barua ya kuomba hivyo nimeshaiandika, iko kwenye meza karibu na birika la chai, na kalamu iko juu yake. Anayetaka kutia sahihi atie, asiyetaka anywe chai.

Haya, maswali. Nimeona mkono wa mama mwenye leso nyekundu, halafu wewe kijana wa shati la buluu, maana nakudai.